Misimu Mitatu ya Brisa

Katika banda la Bwana Tarpley la kufungashia pichi, karibu kila mtu aliitwa jina la mtu mwingine. Mzee Fidencio aliitwa Ramón, mama mmoja wa mapacha aliitwa Leticia, na Nereida, binti wa Eufemia, aliitwa Brisa. Usicheke. Banda linataka mtu mwenye namba ya serikali ya kufanyia kazi, na asiye nayo huazima kwa aliye nayo, akavaa na jina lake pamoja na beji. Bwana Tarpley alikuwa anajua na hajui, kama wanavyojua matajiri: anajua anapotaka vibarua, anasahau anapoulizwa.

Brisa mwenye jina lake alikuwa binti wa Rosalba, dada mkubwa wa Eufemia. Wasichana hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, ila Brisa alizaliwa upande huu wa mpaka, hapa hapa kusini mwa Georgia, na Nereida alizaliwa Veracruz akaletwa mgongoni, hajaacha hata kunyonya. Tofauti yao ilikuwa hiyo tu, na iliwatosha. Nereida alipofikia umri wa kuajiriwa, Rosalba alimwambia mdogo wake, "Mtoto achukue namba ya Brisa. Mwenyewe haitumii, anaogopa hata jua." Eufemia alilia kwa furaha siku ile, akambusu dada yake mikono.

Basi kwa misimu mitatu Nereida alisimama kwenye mkanda wa mashine akichagua na kufunga matunda. Manyoya ya pichi yanawasha vibaya sana. Alijipaka poda ya watoto shingoni, akafunga mikono ya shati kwa utepe, na bado alirudi nyumbani ngozi inamwaka moto. Shuleni alikuwa wa kwanza katika kemia. Alitaka kuwa mfamasia, na chuo cha jirani kilikuwa kimeshamkubali. Kilichobaki ni ada, na hapo ndipo pabaya. Katika jimbo lile asiye na karatasi hulipishwa ada ya mgeni aliyetoka mbali, mara tatu ya ada ya mwenyeji, hata kama mgeni huyo hajui mji mwingine wowote duniani. Mkopo wa serikali hapewi. Msaada wa serikali hapewi. Kulikuwa na ile ruhusa ya kazi waliyopewa watoto walioletwa wadogo, lakini yeye aliletwa tarehe ya mwisho ya ruhusa hiyo imeshapita. Yaani mtoto wa mgongoni naye alitakiwa achague tarehe!

Mwezi wa Aprili mshauri wa wanafunzi, Bi Pettway, alimwita ofisini.

"Funga mlango, mwanangu. Unaujua Mfuko wa San Isidro?"

"Ule wa kanisani?"

"Huo huo. Wanalipa ada yote, mpaka umalize. Na karatasi hawaulizi, nimewapigia simu mwenyewe. Wanamtaka kijana aliyefanya kazi ya matunda kwa mikono yake misimu mitatu. Banda lithibitishe, halafu wakuite wakusikilize. Basi."

Nereida alijikuta anacheka peke yake. "Misimu mitatu ninayo."

"Najua unayo. Kila msimu ukianza unajikuna darasani, nani asiyejua?"

"Na nikimaliza, kazi nitapata?"

Bi Pettway alivua miwani. Alikuwa mtu mzima mkweli, na ukweli wake ulikuwa unamsumbua mwenyewe. "Sitakudanganya. Kwa sheria ya leo, hupati. Duka la dawa haliwezi kukuajiri hata uwe na vyeti ukuta mzima. Lakini sheria hubadilika, na ikibadilika, heri ikukute umesoma."

Nereida alitoka pale miguu haigusi chini. Alifika getini ndipo roho ikamshuka mpaka kwenye viatu. Misimu mitatu haikuwa yake. Kwenye vitabu vya banda ilikuwa ya Brisa.

Alikwenda bandani hivyo hivyo, na mkoba wa shule begani. Walikuwa wanaosha mkanda kujiandaa na msimu. Msimamizi, doña Chelo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha maiti, alikuwa amepanda juu ya kreti anafoka.

"Doña Chelo, naomba unithibitishie kwamba nimefanya kazi hapa."

"Nimthibitishie nani?"

"Mimi. Nereida."

Doña Chelo alishuka kwenye kreti polepole. "Nereida ndiyo nani? Mimi hapa sina Nereida."

"Tafadhali, doña Chelo."

"Sikiliza, binti. Nikiandika Nereida, Bwana atauliza huyu katoka wapi. Akijibiwa, atauliza na Ramón ni nani, na Leticia ni nani. Itakapofika Jumatatu, hapa nitabaki mimi na paka. Unataka upande chuo juu ya migongo ya hawa?" Akaonyesha kwa kidevu watu waliokuwa wamepiga magoti wakisugua mkanda.

"Sitaki."

"Haya. Brisa nitamwandikia hata kurasa kumi. Brisa ni mfanyakazi mzuri sana." Alisema hivyo bila kejeli yoyote, na ndiyo maana ilimuuma zaidi.

Sasa hapa mwenye akili za kujiokoa angefanya jambo moja tu: angekwenda kimya kimya kwa watu wa Mfuko, akawaeleza yote, potelea mbali. Nereida malezi yalimponza. Rosalba alikuwa mama yake mkubwa na tena mama yake wa ubatizo, aliyemshika juu ya maji matakatifu, na kwa watu wale hugusi jambo linalomhusu mama wa ubatizo bila kwenda kwanza kumwomba ruhusa. Akaenda kuomba. Alikwenda Jumapili baada ya misa, pamoja na mama yake, na sufuria ya mole, ule mchuzi mzito wa kuku wa kwao, mkononi.

Rosalba aliwapokea kwa shangwe, akawakalisha jikoni. Alisikiliza habari ya Mfuko huku anafuta meza. Kitambaa kikasimama.

"Ada yote?"

"Yote, Mama mkubwa."

"Mpaka mwisho? Na wanachotaka ni uthibitisho wa banda tu?"

"Ndiyo. Sasa uthibitisho utasema Brisa. Ndiyo maana nimekuja. Naomba ruhusa yako niwaeleze ukweli, wao tu, kwa siri."

"Uwaeleze kwamba mwanangu aliuza namba yake?"

"Hakuuza. Aliniazima."

"Kamweleze hakimu tofauti yake! Brisa anakwenda kusomea unesi. Nani atampa leseni nesi aliyegawa namba ya serikali kama pipi?" Rosalba alivuta kiti akakaa, na sauti yake ikawa ya chini. "Halafu kuna jambo nimelimeza kwa ajili ya undugu, leo nalitapika. Msaada wa serikali wa Brisa umekatwa. Unajua kwa nini? Wanasema mtoto ana kipato. Kipato gani, jamani? Mishahara yako! Mwanangu hajawahi kuonja hata senti moja ya Tarpley, na sasa inamla."

Nereida hakuwa amelijua hilo. "Nisamehe, Mama mkubwa," akasema. Aliomba radhi, maskini, kwa kosa la kufanya kazi.

"Sijakulaumu," alisema Rosalba, akamshika Nereida mkono. Wala hakuwa anaigiza, alimpenda. "Lakini tufikiri kama watu wazima. Misimu ipo. Uthibitisho upo. Brisa ndiye aombe. Nyumba yetu ni moja, na Brisa akisimama, atakushika mkono nawe usimame. Ukienda wewe na ukweli wako, mtaanguka wote wawili."

Nereida alimtazama mama yake. Eufemia alikuwa anaitazama sufuria.

"Mama, sema kitu."

"Tulipofika hatukuwa na pa kulala," alisema Eufemia taratibu. "Dada ndiye aliyetupa paa. Na jina ndiye aliyetupa."

"Jina ni lake. Kazi nilifanya mimi."

"Najua, mwanangu. Niliona." Akaanza kupakua mole kwenye sahani.

Brisa hakuwa mtu mbaya, na taabu yote ilikuwa hapo. Angekuwa mbaya, Nereida angepata wa kumchukia akalala usingizi. Alikuja mwenyewe wiki mbili baadaye, macho yamevimba, na ndoo ya pichi za mwanzo wa msimu. Walikaa kwenye ngazi za nyuma, mmoja anafundisha, mwingine anajifunza maisha ya mwenzake.

"Haya, niambie tena. Tunda lililopasuka kokwa ndani unalijuaje?"

"Linakaa vibaya mkononi. Limevimba huku, na mshono wake umekuwa mkali. Lishike, Brisa! Lishike kwa kiganja, si simu hiyo."

"Yote naona sawa tu."

"Yote unaona sawa kwa sababu una kucha za kwenda harusini."

Wakacheka wote wawili kama zamani. Kisha Brisa akaanza kujikuna shingo kwa fujo. "Yesu wangu, inawasha! Ulikuwa unavumiliaje?"

"Acha kujikuna, unaeneza. Poda kwanza."

"Na wakiniuliza siku mbaya kuliko zote?"

"Sema joto. Joto linatosha."

"Yako ilikuwa ipi?"

Nereida hakutaka kusema, lakini alikuwa hajawahi kumwambia mtu, na Brisa alikuwa ndugu yake. Akamwambia. Ilikuwa msimu uliopita, Julai. Eufemia alikuwa shambani anachuma, akaanguka kwa joto kati ya mistari ya miti, povu mdomoni. Habari zikafika bandani kwamba mama mmoja anakufa kule nje. Nereida akaacha mkanda akikimbia, karani wa ofisi akamsimamisha mlangoni: huyo ni mama yako? Na kwenye vitabu mama yake Brisa aliitwa Rosalba.

"Nikasema hapana," alisema Nereida. "Nikasema simjui. Nikarudi kufunga pichi mpaka kengele ya kutoka."

Brisa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hiyo usiiseme kule," alisema Nereida.

"Siwezi, Nere. Naapa kwa Bikira."

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa parokia ulijaa. Mezani walikaa watu watano wa Mfuko, katikati yao ajuza mmoja mjane, mke wa tajiri wa mashamba aliyeuanzisha. Rosalba alikaa mstari wa mbele na gauni la Pasaka. Nereida na Eufemia walijibanza nyuma kabisa karibu na mlango, kama watu waliokuja kutazama tu.

Brisa alianza vizuri. Alieleza mkanda, kokwa, poda. Lakini yule ajuza alikuwa amezeeka katikati ya pichi, na alimtazama kwa jicho la mtu anayenunua ng'ombe. "Hayo yote mtu anaweza kuambiwa," alisema kwa upole. "Mimi nataka kujua kazi hiyo ilikuchukulia nini, binti."

Watu wakaanza kujisogeza vitini. Brisa alimtafuta Nereida kwa macho mpaka akampata, kisha akayainamisha.

"Mama yangu alianguka shambani," alisema.

Akaisema yote. Aliisema vizuri kuliko ambavyo Nereida angeweza, maana kwake ilikuwa hadithi, na hadithi haimkabi msimuliaji koo. Kuhusu ile "hapana" ya mlangoni alibadilisha kidogo: alisema karani alimkatalia tu ruhusa. Mmoja wa watu wa mezani alitoa leso. Yule ajuza aliinuka kwa fimbo yake, akazunguka meza, akaenda mpaka mstari wa mbele akamshika Rosalba mikono.

"Pole sana, mama. Ulipona vizuri?"

"Nilipona," alisema Rosalba. "Mungu ni mkubwa."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Eufemia, ambaye tangu siku ile ya Julai hawezi kuinama akainuka bila kizunguzungu, alipiga makofi pamoja nao.

"Mama, acha," Nereida alimnong'oneza. "Nakuomba, usipige."

"Watatutazama," alisema Eufemia, na akaendelea kupiga.

Nje, kwenye maegesho ya magari, Brisa alimrukia shingoni akilia kwikwi. "Nisamehe, Nere. Alinitazama vile nikapotea kabisa. Sikuwa na kitu kingine cha kusema."

"Umesema vizuri."

"Nitakulipa. Nikianza kazi tu, mwezi wa kwanza, naanza na ada yako."

"Umesema vizuri," alirudia Nereida. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi, kwa hiyo akampangusa ndugu yake machozi, akamwambia aende, mama yake anamngoja. Jioni ile aliwaandikia watu wa chuo kwamba nafasi yake wampe mwingine.

Angalau kazi ilikuwepo. Ndivyo alivyojiambia mpaka Juni, msimu ulipopamba moto. Ijumaa moja mkanda ulisimama ghafla katikati ya zamu, na mkanda wa Tarpley hausimami hata mtu akizimia. Watu waliinua vichwa. Wote walikuwa wamejifunga leso za kuzuia manyoya, macho tu ndiyo yanaonekana. Bwana Tarpley aliingia, uso umemwiva kwa furaha, nyuma yake karani amebeba keki.

"Brisa wetu yuko wapi?"

Doña Chelo alimsukuma Nereida mgongoni. Akatoka mstarini.

"Njoo hapa, binti! Mfuko wamenipigia simu. Ada yote! Misimu mitatu kwenye mkanda wangu, na sasa anakwenda chuo. Nani tena atasema banda hili halitoi wasomi?" Alimzungushia mkono begani huku anawatazama watu wengine, kama mtu anayepigwa picha. "Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Kila mmoja pale alijua, na kila mmoja alipiga. Mzee Fidencio peke yake hakuinua macho.

"Nimeshawaambia ofisini wakutoe kwenye orodha kuanzia leo," alisema Bwana Tarpley.

"Nitoke?" Sauti ya Nereida haikutoka vizuri chini ya leso. "Bwana, naweza kufanya kazi mpaka Agosti. Naomba."

"Hapana, hapana! Mfuko wenyewe wameniomba. Mwanafunzi wao asichoshwe, apumzike, ajiandae. Nimewaahidi." Akampigapiga begani. Alikuwa anafanya wema, na aliufanya kwa moyo wote. Kisha akakata keki, akampa kipande cha kwanza, chenye jina la Brisa kwa sukari nyekundu, akasimama kumngoja ale.

Ilibidi ashushe leso aonje. Lakini alipoishusha, Bwana Tarpley alikuwa ameshageuka kumkatia mwingine.

Doña Chelo alimvutia pembeni, kwenye mapipa ya maji baridi ambapo kelele humeza maneno. "Usilie hapa. Nimeshakutafutia. Kuna Eulalia wa masanduku, amerudi kwao Oaxaca kumzika mumewe, harudi tena. Namba yake nzima."

"Eulalia? Yule mama mzee?"

"Hamsini na kitu. Ofisi haisomi umri."

"Doña Chelo, mimi nina miaka kumi na minane."

"Kweli unayo. Jumatatu unakuja au huji?"

Nereida alifikiria kodi ya nyumba, na kizunguzungu cha mama yake. "Na Bwana je? Kanishika bega sasa hivi."

"Kamshika Brisa. Wewe funga leso vizuri, usimame mwisho kabisa wa mkanda."

Jumatatu alifunga leso mpaka karibu na nyusi, akasimama mwisho wa mkanda, mahali pa Eulalia. Katikati ya asubuhi Bwana Tarpley alipita na wanunuzi kutoka Atlanta. Akawasimamisha nyuma yake kabisa, karibu hata wamguse.

"Hapa ndipo alipokuwa anafanya kazi binti yetu mmoja, Brisa," aliwaambia. "Sasa anakwenda chuo. Mngemwona alivyokuwa anachagua! Anafumba macho, anakwambia lililopasuka. Mwingine kama yule nitampata wapi?"

Kisha akamgonga Nereida begani kwa kidole. "Eulalia, siyo? Ongeza mwendo kidogo, mama."

"Ndiyo, Bwana," alisema Nereida, na akaongeza mwendo.